Pesa Ilifika, Watu Hawakufika

Kikundi: KUFA NA KUZIKANA (Ngamiani, Tanga)
Ijumaa jioni

Katibu: Assalaam alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo kwa wenzetu. Marehemu tulimsitiri Jumanne, hitima imesomwa jana, wafiwa wanawashukuru nyote. Sasa naandika kama katibu, mtu asininunie. Tangazo la msiba niliweka hapa saa 10 alfajiri. Kufika saa 12 michango ya dharura ilishatimia. Turubai limetoka stoo saa 3 na nusu. Jua limeshapanda, wageni wa Pangani na Muheza wamebanana kwenye kivuli cha ukuta wa jirani.

Mama Neema (Mhazini): Nathibitisha. Alfajiri ile simu yangu ililia mpaka mume wangu akauliza kama tumeshinda bahati nasibu. Pesa ilifika, watu hawakufika.

Juma Boda: Mi nilikuwepo

Juma Boda: Tulikuwa watano. Mimi, Mwalimu, Mzee Kassimu na wale madogo wawili wa gereji ambao hata si wanachama 😂

Mzee Kassimu: Sema wanne na nusu. Mgongo wangu usiuhesabu.

Juma Boda: Shikamoo mzee 😂

Mzee Kassimu: Marahaba. Ile nguzo ya kati uliniachia kusudi.

Baba Happy: Poleni wapendwa. Nilikuwa zamu ya usiku bandarini, nikatoka saa 2. Lakini nilituma.

Rehema Saluni: Na mimi nilituma 🙏

Baba Shufaa: Nilituma.

Mwalimu: Basi ndiyo hiyo. Kila mtu katuma. Nguzo za turubai hazipokei muamala.

Bi Mwanahawa: 🎤 ujumbe wa sauti (2:14)

Mwalimu: Kwa mlio kazini msioweza kufungua sauti, Bi Mwanahawa anasema hivi. Kuosha maiti ya kike kunataka watu wanne wasiopungua: wa kumwagia maji, wa kuosha, wa kushika shuka la stara, na wa kukata sanda, kwa kuwa sanda ya mwanamke ni vipande vitano. Jumanne walikuwa wawili, yeye na mkwewe. Majani ya mkunazi yamepondwa na mtoto wa madrasa, kafuri imetafutwa maji yakiwa tayari yameshapoa. Mwisho anauliza, nanukuu: "Nyie wote mmetuma. Mimi nikifa nani ataniosha? Mtanituma?"

Shangazi Zena: Yarabi 😢

Juma Boda: Bi mkubwa usiseme hivyo bwana

Bi Mwanahawa: Nasema. Magoti haya si ya serikali.

Salim Maskati: Assalaam alaykum ndugu zangu, poleni na msiba, huku ndo natoka kazini. Mimi naona tusisumbuane. Vijana wapo hawana kazi. Tuwaajiri. Kila msiba vijana sita, kila mmoja elfu kumi, wabebe turubai, wapange viti, wakachimbe. Mimi nitachangia rial zangu hapo. Mtu aje msibani kuomboleza, asije kubeba mizigo.

Rehema Saluni: Naunga mkono hoja

Baba Shufaa: 👍

Mwalimu: Salim mwanangu, huko mbali unatufaa sana na kila mwezi jina lako ndilo la kwanza kwenye daftari. Lakini saa 10 alfajiri huyo kijana wa elfu kumi namwamsha kwa simu gani? Mwislamu akifa usiku anataka kuzikwa adhuhuri au alasiri. Hapo nina saa nane tu, na ndani yake kuna kuosha, kuchimba, kupika na kusubiri watu wa mbali. Aliye tayari muda huo ni jirani, maana kilio kakisikia kwa masikio yake.

Mama Neema (Mhazini): Tena mimi niseme la pesa. Ada yetu ni elfu mbili kwa mwezi. Inatosha kwa sababu turubai mbili ni zetu, viti ni vyetu, sufuria ni zetu, na mikono ni ya bure. Tukianza kulipa wabebaji, wachimbaji na wapishi, ada itapanda mara nne au tano. Mama muuza mihogo hapo kona atatoka chamani. Na yeye ndiye wa kwanza kufika kila msiba, naomba mlikumbuke hilo.

Juma Boda: Mtaa wa pili waliajiri wachimbaji. Kaburi lilipofika kiunoni jamaa wakapanda juu, wakakaa, wakasema mawe mengi bei imebadilika. Maiti iko msikitini imeshaswaliwa. Mjomba wa marehemu akatoa alichokuwa nacho mfukoni, mwanandani, lile shimo la ndani la kulaza maiti, wakauchimba nusunusu

Salim Maskati: Astaghfirullah

Shangazi Zena: Kweli hiyo, nami niliisikia.

+255 (namba mpya): HABARI. JE UNATAKA UTAJIRI, NYUMBA NA GARI NDANI YA SIKU 7? JIUNGE NA FREEMASON TANZANIA. HAKUNA KAFARA. TUMA ADA YA FOMU KWENYE NAMBA HII…

*Katibu amemwondoa +255*

Juma Boda: Katibu ungesubiri kidogo tumuulize kama wanabeba turubai 😂😂

Shangazi Zena: Nani kamwingiza mtu huyo humu? Chama cha kuzikana hiki, anatuletea mashetani!

Mzee Kassimu: Matapeli tu hao. Freemason wenyewe wana jengo lao pale Dar, hawaandiki watu kwa simu. Marehemu Andy Chande, aliyefariki 2017, alikuwa mkubwa wao Afrika Mashariki nzima, na hakulificha hilo hata siku moja. Kule mwanachama ndiye anayelipa ada, halipwi yeye.

Mama Neema (Mhazini): Kumbe na wao wana mhazini anayesumbua watu. Nimewahurumia.

Katibu: Turudi kwenye ajenda tafadhali.

Rehema Saluni: Naomba niseme na mimi, samahanini wakubwa zangu. Nimehamia hapa mwaka jana, nikaambiwa kuna chama, nikalipa kiingilio. Hakuna aliyeniambia kazi yangu ni ipi. Msiba wa kwanza nilikuja na kanga yangu nimejifunga. Nikashika kisu nikate vitunguu, nikaambiwa "wacha wewe, pilau la watu hili." Nikaenda kuosha vyombo, nako kuna wenyewe. Nikakaa kwenye jamvi mpaka basi. Msiba wa pili nikatuma.

Shangazi Zena: Nani alikwambia hivyo?

Rehema Saluni: Shangazi…

Shangazi Zena: Eh

Juma Boda: 😂😂😂😂😂

Shangazi Zena: Ulikuwa unakata vipande vikubwa, Rehema.

Mwalimu: Zena, Rehema kasema kweli. Tunalia vijana hawaji, na wakija tunawakalisha. Sisi wazee kazi za msiba tumezishika kama shamba la urithi. Kumwagia maji ya maiti kuna mwenyewe, kupakua kuna mwenyewe, hata kushika daftari la ubani pale mlangoni kuna mwenyewe, na mwenyewe huyo sasa haoni bila miwani.

Baba Shufaa: Hapo umenilenga mimi.

Mwalimu: Nimekulenga.

Mzee Kassimu: Niwape la zamani. Miaka ya 1920, enzi za Mwingereza, babu yangu alikuwa Marini hapa Tanga. Marini na Arinoti zilikuwa ngoma za beni, wanashindana mtaani kwa gwaride na tarumbeta, nguo zimepigwa pasi kama maaskari wa manowari. Watu wanakumbuka ngoma tu. Lakini mwenzao akiugua walimuuguza, akifa walimzika, maana wengine walikuwa wageni mjini, wametoka bara kutafuta kazi, hawana ukoo hapa. Na kila mtu alikuwa na cheo. Kingi, jenerali, daktari, mpaka chini kabisa kwa mbeba ngoma. Babu alisimulia jinsi alivyokuwa tayari kulala njaa ili alipie zile nguo. Kijana ukimpa cheo haumwiti, anakuja mwenyewe.

Juma Boda: Mzee nipe basi ujenerali wa turubai

Mzee Kassimu: Chukua. Kuanzia leo funguo za stoo unakaa nazo wewe.

Juma Boda: Nilikuwa natania jamani

Katibu: Mimi nimeshaandika kwenye daftari. Juma, mkuu wa turubai na viti. Bodaboda kijiweni mko wangapi?

Juma Boda: Kumi na kitu. Ila nusu si wanachama

Mama Neema (Mhazini): Waje walipe kiingilio nusu, nusu nyingine wailipe kwa mikono. Hilo nitalitetea mbele ya mwenyekiti mwenyewe akirudi kutoka Korogwe. Bodaboda ndiyo kundi pekee hapa mtaani ambalo saa 10 usiku liko macho.

Kelvin wa Stationery: Wakubwa shikamooni. Wazo langu, mkitaka vijana wengi anzisheni mikopo. Pesa imelala tu benki. Mtu akopeshwe, arudishe na riba kidogo, chama kinakua. Vikoba vyote wanafanya hivyo.

Mama Neema (Mhazini): Marahaba Kelvin. Hapana.

Kelvin wa Stationery: Sababu mama?

Mama Neema (Mhazini): Ya kwanza ni sheria. Tukianza kukopeshana tumeingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na kikundi kama chetu kinatakiwa kisajiliwe halmashauri kwa kazi hiyo, kiwe na mahesabu ya aina yake. Si dhambi, wengi wanafanya vizuri. Ya pili ndiyo yangu: pesa ya sanda haikopeshwi. Siku ya msiba nifungue kisanduku nikute kuna karatasi ya "nitalipa tarehe 30"? Nitamvika marehemu karatasi?

Baba Happy: Mhazini hoyee. Lakini na mimi nina la kwangu la siku nyingi. Sisi tunaosafirisha tunaumia. Mwenzangu alipofiwa na mama mwaka jana, mlichanga kiasi kile kile cha msiba wa hapa hapa. Sasa mwili uende Lushoto, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu upande mlima. Gari la mwili peke yake, na Coaster ya wasindikizaji. Sanduku bado.

Katibu: Ni kweli. Lakini kwenu Wakristo siku zipo tatu nne za kuchanga. Kwetu hakuna.

Baba Happy: Siku zipo lakini kila siku watu wanalala pale na wanakula, katibu.

Mama Neema (Mhazini): Mimi ni wa upande wako Baba Happy, na bado nasema tusipandishe kiwango cha wote. Tuweke nyongeza ya safari kwa atakayetaka kuichangia kila mwezi, Muislamu au Mkristo, ambaye kijijini kwao ni mbali. Shangazi Zena mwenyewe ana usia wa kuzikwa Mkinga.

Shangazi Zena: Nani kakwambia nakufa?

Baba Shufaa: Kabla hatujafunga, kuna kijana ameniomba nimwandikishe mama mkwe wake leo. Yuko Bombo, amelazwa.

Mwalimu: Baba Shufaa 😐

Baba Shufaa: Nimeombwa tu jamani.

Mama Neema (Mhazini): Miezi mitatu ndiyo ada ianze kufanya kazi, inajulikana. Tukilegeza hapo kila mtu atasubiri homa ndipo aje kulipa. Lakini Jumapili tukamtazame mgonjwa, kama majirani. Uji nitapika mimi. Hilo halina kiingilio.

Katibu: Naandika. Sasa la kuosha. Bi Mwanahawa?

Bi Mwanahawa: Kesho baada ya alasiri, uani kwangu. Nataka wanawake sita. Walio hedhini waje pia, kujifunza si kuosha. Nitawafundisha kukata sanda kwa shuka kuukuu, na mmoja atalala kwenye kitanda awe maiti.

Rehema Saluni: Mi nitakuja bi, ila kulala siwezi 😭

Bi Mwanahawa: Utashika shuka. Maiti atakuwa Zena.

Shangazi Zena: Leo nyote mmeniamulia kufa!

Juma Boda: 😂😂😂 nimeanguka

Shangazi Zena: Haya nitalala. Lakini maji yawe ya vuguvugu. Na Rehema, njoo mapema nikuoneshe vitunguu.

Rehema Saluni: Sawa shangazi 🙏

Salim Maskati: Na mimi nifanye nini huku? Niambieni kweli, maana pesa mmezikataa.

Mwalimu: Hatujazikataa. Kamba za turubai zimekatika, na turubai moja kubwa lina tobo la kupitisha mbuzi. Tununulie jipya. Na wewe ndiye uwe mtoa taarifa kwa wote walio nje, Maskati, Dubai na yule wa Leicester. Kila mara Katibu anapigiwa na watu watano usiku mmoja akiwa makaburini anapanga viunza, zile mbao za kumfunika maiti, anaulizwa "amekufa nani?"

Salim Maskati: Hiyo naiweza. Turubai nitalituma na mzigo wa mwezi ujao inshallah.

Katibu: Alhamdulillah. La mwisho kabisa. Sufuria kubwa ya pilau tulihesabu sita zikitoka, zimerudi tano. Aliyenayo aseme, hatutauliza maswali.

Katibu: ?

Katibu: Nimeona watu 41 wamesoma.

Kelvin wa Stationery: Mama anasema iko kwetu. Ina mchuzi wa wafiwa, tulikuwa tunawagawia watoto.

Shangazi Zena: Tangu Jumanne?

Kelvin wa Stationery: Anasema inakuja sasa hivi.

Juma Boda: Nipitie nayo, niko hapo nje. Funguo za stoo ninazo mimi 😎