Ameumia uti T3, mapigo hayapandi akifanya mazoezi

Muuguzaji_Lamu: Asalaam aleikum. Namuuguza ndugu wa miaka 34 aliyeanguka mnazi miezi minane iliyopita. Ameumia T3 (pingili ya tatu kutoka juu katika sehemu ya uti iliyo nyuma ya kifua), kuanzia kifuani kushuka hahisi wala hasogezi kitu. Daktari amemruhusu mazoezi. Anasukuma kiti chake asubuhi pale ufukweni penye sakafu, lakini mapigo hayapiti 115 hata akihema. Je, anapata faida? Na miguu itarudi?

Fizio_Malindi: Waaleikum salaam. Faida anapata. Neva zinazouharakisha moyo hutoka kwenye uti sehemu ya juu ya kifua, T1 mpaka kama T4, kwa hiyo jeraha lake limekata baadhi yake na ubongo. Baadhi ya walioumia juu hukomea 110 mpaka 130. Msipime kwa mapigo, pimeni kwa pumzi: aweze kuzungumza, asiweze kuimba.

Aanze na dakika 5, apumzike 2, arudie mara tatu. Aongeze polepole mpaka afike dakika 20 mara mbili kwa wiki. Hicho ndicho kiwango cha chini katika mwongozo wa kimataifa wa 2018, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Kwa kulinda moyo na sukari, dakika 30 mara tatu.

Kuhusu miguu, nisikufiche: mazoezi haya hayaungi neva. Yanampa moyo na mapafu yenye nguvu, na mikono ya kujihamisha kutoka kitandani hadi kitini, na hilo ni kubwa.

Nesi_Pwani: Kabla ya yote, mpimeni presha akiwa ametulia, siku kadhaa, muandike. Walioumia T6 kwenda juu presha yao ya kawaida huwa chini, pengine 90/60. Akifika 130/80 mtu ataona ni sawa, kumbe kwake ni hatari. Namba ya juu kupanda kwa 20 mpaka 40 tu kunatosha kushtuka. Dalili za presha kupanda ghafla: kichwa kugonga, uso kuwa mwekundu na kutoka jasho, malaika (vinyweleo) kusimama. Mwacheni ameketi wima, miguu chini, msimlaze. Legezeni mkanda na nguo, kisha tazameni mpira wa mkojo: umejikunja? Mfuko umejaa? Mara nyingi sababu ni kibofu, halafu choo kigumu au kidonda. Presha isiposhuka upesi, hospitali. Kibofu kiwe kitupu kabla ya kuanza.

Na joto: chini ya jeraha hatoki jasho. Wakati wa kaskazi afanye baada ya alfajiri, kuwe na chupa ya kunyunyizia maji usoni na mikononi.

Fundi_Baiskeli: Mchanga na vichochoro vikimshinda, mtengenezeeni pedali za mikono. Chukueni ekseli ya baiskeli kuukuu pamoja na ganda lake, mikono yake na pedali zake, mchomelee ganda kwenye fremu ya chuma ili pedali zizunguke, mfunge fremu kwa bolti juu ya meza nzito. Ekseli iwe usawa wa bega au chini yake kidogo. Mkono ukifika mbali kabisa kiwiko kibaki kimejikunja kidogo. Meza ikitikisika, nguvu inapotea na bega linaumia. Breki za kiti zifungwe.

Fizio_Malindi: Vizuri, fundi. Ongezeni mkanda mpana kifuani, maana T3 hana misuli ya kushika kiwiliwili. Kusukuma peke yake kunaweza kuumiza bega, basi avute pia: kipande cha tyubu kwenye nguzo, viwiko nyuma, mara 10, seti 3. Kila nusu saa ainame mbele dakika 2 ili matako yapate damu. Akimaliza, kagueni ngozi. Wekundu usiotoka baada ya nusu saa, asikae juu yake mpaka upotee.

Muuguzaji_Lamu: Mpira wa mkojo tulikuwa tunaupitisha chini ya paja, naona ndipo unapobanwa. Leo tunaupitisha juu.