Wazazi: muziki wa vakansi, Lubumbashi

Mama Gracia: Jambo yenu. Masomo ya muziki pale chuo kikuu yanaanza Jumatatu, na mtoto wa miaka 8 amechagua violoni. Sokoni wananionyesha moja kubwa, eti "atakua nayo". Nichukue?

Mwalimu Kasongo: Hapana mama, violoni si viatu vya shule. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto, usawa wa bega. Pima kwa mita ya fundi cherehani, kutoka shingoni mpaka katikati ya kiganja. Sentimita 47 mpaka 51 ni robo (1/4). Mpaka 55 ni nusu (1/2), mpaka 60 ni 3/4. Kupita hapo ndiyo nzima. Akiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo. Ikiwa kubwa, bega linapanda na kidole kidogo hakifiki kwenye waya.

Mama Gracia: 52

Mwalimu Kasongo: Nusu, basi.

Papa Ilunga: Na kolofani, ule utomvu mgumu wa kupaka nywele za upinde, msisahau. Upinde mpya hautoi sauti kabisa, mtu anadhani ameuziwa kitu kibovu. Kolofani mpya inang'aa na nywele zinateleza juu yake. Ikwaruze kwanza kwa karatasi ya msasa, kisha pitisha nywele zote, toka mwanzo mpaka ncha, hata mara 30. Siku zinazofuata mara 4 au 5 zinatosha. Akimaliza kupiga, alegeze skrubu ya upinde. Ukilala umekazwa, mti unapinda.

Mama Mireille: Hii violoni ya kwetu, vigingi vya kukazia nyuzi vinajifungua vyenyewe usiku 😩

Mwalimu Kasongo: Ni kiangazi hicho. Mwezi wa saba hewa yetu ni kavu, mti unasinyaa, kigingi kinalegea ndani ya tundu. Zungusha huku unasukuma kuingia ndani, vyote viwili kwa pamoja. Kikigoma, kitoe, pakaa chaki kavu kidogo, rudisha. Mafuta hapana! Na usilegeze nyuzi zote nne mara moja: daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, litaanguka, na ame, kile kijiti kilichosimama ndani, inaweza kuanguka nalo. Kuisimamisha tena ni kazi ya fundi mwenye chuma chake. Mkimaliza, sanduku likae mbali na dirisha la jua.

Mama Mireille: Asanti mwalimu. Ule waya mwembamba umekatika mara mbili tayari.

Mwalimu Kasongo: Huo ni waya wa mi. Msiupandishe kwa kigingi kama umekaribia sauti yake, tumieni skrubu ndogo ya chini, kwenye mkia. Anzeni na waya wa la, hertz 440, programu ya simu inatosha. Kisha re, sol, na mi wa mwisho.

Papa Joseph: Sisi ni gitaa. Nyuzi za nailoni zimechakaa, jirani ana za chuma, mpya. Nizifunge?

Papa Ilunga: Usijaribu. Chuma kinavuta kwa nguvu zaidi, daraja litang'oka na ubao wa mbele utavimba. Tafuta nailoni tena. Kama atafundishwa mtindo wetu wa Katanga, ule wa mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke, kazi yote ni ya gumba na kidole cha shahada. Gumba lishike besi peke yake kwanza, bila kuyumba. Shahada iingie baadaye. Watoto wanakimbilia vidole vyote viwili siku ya kwanza, na besi inapotea.

Mama Gracia: Na mdogo wake wa fluti ya plastiki? Zote ni sawa?

Mwalimu Kasongo: Si sawa, kuna aina mbili, ya Kijerumani na ya baroki, na hapo ndipo kikundi kizima kinaharibika. Geuza upande wa mashimo, hesabu toka juu. Shimo la 4 likiwa kubwa kuliko la 5, ni ya Kijerumani. La 4 likiwa dogo, ni ya baroki. Fa yao haishikwi kwa vidole vile vile, kwa hiyo darasa likichanganya, fa inalia vibaya kwa nusu ya watoto na hakuna anayejua kwa nini. Nunua baroki. Ya Kijerumani ina fa rahisi, lakini fa diezi (fa iliyopandishwa nusu sauti) inakuja kusumbua.

Mama Gracia: Hapa la 4 ni kubwa.

Mwalimu Kasongo: Rudisha dukani kabla ya Jumatatu, mama.