Mrejesho: nyumba ya wazi karibu na ufuo, Entebbe

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuunganisha sebule, jiko na baraza ili familia ikae pamoja ikitazama ziwa. Asanteni, mchoro umebadilika sana.

Mpaka kwanza: kanuni za Uganda zinatenga mita 200 kandokando ya Ziwa Victoria zisijengwe, basi nyumba imepanda mlimani. Aliyeona ziwa lilivyofurika 2020 habishi.

Ukuta wa jiko umeondoka. Uwazi wa mita 5 unabebwa na boriti ya zege yenye kimo cha sm 45, juu ya nguzo mbili zenye misingi yake. Nondo zinapangwa na mhandisi. Fundi alitaka boriti ilale juu ya matofali tu. Hapo ndipo nyufa huanzia.

Baraza ina upana wa mita 3. Ikipungua mita 2.4, ukishaweka meza, mwenye sufuria ya matooke hapiti nyuma ya viti. Na kwa kuwa tuko kwenye ikweta, jua kali huja mashariki na magharibi: kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, upepo wa ziwa upenye.

Kinachoumiza kichwa ni sami, wale wadudu wa ziwani. Wavu wa mbu wanaupenya. Wavu wenye matundu madogo zaidi unakaba upepo. Tumechagua huo, tukapanua madirisha. Barazani ni taa za manjano hafifu. Nyeupe iko getini, iwavutie huko.

Bati litakuwa na dari, la sivyo mvua ikinyesha hamsikilizani.