Ushauri: Lofti Printers Row, Chicago. Tununue au tuachane nayo?

Binti Pangani:
Wakuu, salaam. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Marekani.

Mimi na mume wangu tuko Chicago, wote tunafanya kazi hospitali, na tumechoka kulipa kodi ya nyumba ya mtu. Tumepata lofti (nyumba ya wazi ndani ya jengo la kiwanda cha zamani) Printers Row, ule mtaa wa zamani wa wachapaji kusini ya katikati ya jiji. Jengo lilikuwa kiwanda cha uchapaji mwishoni mwa karne ya 19, sasa ni makazi ya kifahari. Dari iko juu futi 13, matofali yako wazi, nguzo za mbao nene, jiko la marumaru, na upande mmoja wote ni madirisha. Mume wangu ameshaanza kupanga makochi yatakaa wapi.

Bei dola 385,000. Ada ya jengo dola 870 kwa mwezi, ndani yake kuna maji, joto, intaneti na mlinzi wa mlangoni. Vyumba viwili, ila cha pili hakina dirisha na ukuta wake haujafika darini. Maegesho hakuna. Dalali anatuambia tuwahi, kuna mteja mwingine.

Ninachoogopa ni hiyo 870, na uzee wa jengo. Pia mama anakuja kutoka Tanga kukaa na sisi miezi kadhaa. Kejeli mniwekee pembeni tafadhali.

Mla Mbege:
385,000 kwa nyumba ambayo hata ardhi si yako! Leta hiyo hela Goba upate kiwanja, nyumba, kisima, na chenji ya Noah.

Zamu ya Usiku:
@Mla Mbege walale Goba halafu asubuhi waripoti kazini Chicago? Jibu swali, mkuu.

Kaka wa Michigan Avenue:
Dada, nimekaa kwenye kondo za mtaa huo (yaani majengo ambayo kila mtu anamiliki nyumba yake ndani, na jengo lenyewe ni la wote), acha nikueleze kwa kirefu.

Uimara wa mifupa ya jengo usikuumize kichwa sana. Mitambo ya kuchapa ilikuwa mizito, sakafu zilijengwa kuibeba, na wachapaji walihitaji mwanga, ndiyo sababu ya hayo madirisha. Walijikusanya pale kwa ajili ya reli. Kituo cha treni cha Dearborn Station, cha 1885, bado kimesimama mwisho wa mtaa. Treni ziliacha kuingia 1971, viwanda navyo vilikuwa vinahama, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo wakaanza kuyageuza makazi. Sasa piga hesabu: mabomba, nyaya na lifti nyingi pale ni za wakati wa ugeuzaji, maana yake zinakaribia au zimepita miaka 40. Hizo ndizo zinazokuja kudai pesa.

Ukinunua kondo unaingia ubia wa mfuko na majirani zako wote. Paa likivuja na mfuko ukiwa mtupu, bodi ya wenye nyumba inawatoza mchango maalumu juu ya ile 870, na ghorofa ya kwanza inalipia paa kama ghorofa ya juu, kila mtu kwa hisa yake. Jengo nililokuwa nakaa walitutoza kwa ajili ya ukuta wa mbele, watu wakauza magari.

Kuhusu huo ukuta: Chicago jengo lenye urefu wa futi 80 au zaidi lazima kuta zake za nje zikaguliwe na ripoti ipelekwe jijini. Vyuma vilivyo juu ya madirisha vikishika kutu vinavimba na kupasua matofali. Omba ripoti ya mwisho uisome. Madirisha nayo si ya kubadilisha unavyotaka: mtaa huo ulitangazwa eneo la urithi wa jiji 1996, kazi yoyote ya nje inapitiwa kwanza na tume ya urithi. Gharama yake si ya dirisha la dukani.

Sheria ya kondo ya Illinois, kifungu 22.1, inakupa haki ya kumdai muuzaji nyaraka: hali ya mfuko wa akiba, matumizi makubwa yanayotarajiwa mwaka huu na miwili inayofuata, kesi mahakamani, bima ya jengo. Ongeza mihutasari ya vikao vya bodi ya miaka miwili. Hapo ndipo utawaona majirani zako vizuri.

Mama Sahani:
Mimi nauliza kuhusu mama. Chumba ambacho ukuta haujafika darini, mkirudi zamu ya usiku mnatia maji kwenye birika, bibi wa watu ameamka. Na jikoni, angalieni feni ya moshi inatoa nje au inazungusha humo humo. Nyumba ya wazi namna hiyo, mkikaanga samaki siku moja makochi yananuka wiki nzima.

Nendeni pia jioni, wakati jirani wa juu yenu yuko nyumbani. Sakafu za mbao nene zinapendeza machoni, lakini kiatu cha jirani utakisikia.

Shangani:
Sie wa Mji Mkongwe haya twayajua. Nyumba ya urithi kila mtu aisifu, ikifika zamu ya chokaa na boriti hamuoni mtu. Beit el Ajaib, lile jumba la kale la sultani, ilianguka sehemu Disemba 2020. Mtazameni fundi wa jengo kabla ya kutazama marumaru.

Hesabu Kwanza:
Mawili ya pesa. Risiti ya kodi ya jengo mliyoonyeshwa ni ya nani? Muuzaji akiwa mzee ana nafuu ya wazee, nyie mkihamia nafuu hiyo inaondoka na yeye. Halafu Cook County, kaunti ya Chicago, kodi ya jengo inalipwa mwaka unaofuata, kwa hiyo wakili ahakikishe muuzaji anawakatia kwenye bei deni lake la kodi siku ya kukabidhiana.

La pili, benki inakagua jengo kama inavyokukagua wewe. Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, imekuwa ikitaka angalau asilimia 10 ya bajeti ya jengo iende kwenye akiba, na tangu lile ghorofa la Surfside, Florida, liporomoke 2021, maswali yamezidi. Jengo likikataliwa, na wewe utapata tabu kuuza. Na muulize kama kanuni zinaruhusu kupangisha, msije mkafikiri mtarudi Bongo mkila kodi.

Binti Pangani:
Jamani asanteni. Mihutasari imefika leo. Akiba ipo lakini ndogo, na vikao vitatu mfululizo wanajadili lifti bila kuamua. Mume wangu kanyamaza.

Kaka wa Michigan Avenue:
Basi mna kitu cha kupunguzia bei. Wakili aandike kabla siku za mapitio ya mkataba hazijaisha, kwa kawaida ni siku tano za kazi: mchango wa lifti ukipitishwa kabla ya kukabidhiana, alipe muuzaji. Akikataa kuandika, ameshawajibu. Yule mteja mwingine wa dalali mwacheni anunue.

Mama Sahani:
Na maegesho je? Pale nafasi ya gari inauzwa na hati yake na kodi yake. Zamu ya usiku, Januari, unazunguka kutafuta pa kuegesha?

Binti Pangani:
@Mama Sahani mume wangu anasema tutapanda treni ya Red Line, kituo cha Harrison kiko karibu. Yeye zamu zake ni za mchana.