Mzigo ukipungua, dereva mpya atoke kwanza kwa sababu tu ndiye wa mwisho kuingia?

Kijana wa Igurusi
Wakuu, salaam. Mwezi wa tatu nilipata kazi kampuni moja ya malori hapa Dar, yenye tawi la chama cha wafanyakazi. Kwa mara ya kwanza maishani nikasaini mkataba wa maandishi na kuandikishwa NSSF. Katibu wa tawi akaniletea fomu ya makato wiki hiyohiyo, nikasaini bila kusita, maana nilijua nimeingia sehemu yenye mwenyewe. Nimepiga safari nne: Ndola, Kitwe, Lubumbashi mara mbili. Sijaangusha gari, sijapoteza mzigo, mizani zote nimepita salama.

Mwezi wa saba mzigo ukapungua, malori yakaanza kulala yadi. Tukapunguzwa madereva tisa, wote tulioingia mwaka huu. Katibu anasema ndivyo walivyokubaliana na mwajiri kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi: wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Nimepewa notisi ya siku saba. Waliobaki ni wazee ambao taa ya hitilafu ikiwaka kwenye dashibodi wanampigia fundi simu, na mimi niliyesoma NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ndiye niko nyumbani.

Naomba tujadili. Hii ni haki? Na chama kinamtetea nani hasa?

Wakili wa Mtaani
Pole sana ndugu. Kuna mambo mawili hapa, usiyachanganye. Kutumia kigezo cha wa mwisho kuingia si kosa, mwajiri na chama wanaweza kukikubali. Lakini notisi ya siku saba ni ya mtu aliyeachishwa ndani ya mwezi wake wa kwanza. Ukishavuka mwezi na unalipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya 2004 inataka isipungue siku 28, au ulipwe hizo siku. Barua yako ni ya tarehe ngapi?

Mzee wa Kitonga
Dogo, nimesoma mpaka mwisho nikarudia ile sentensi ya wazee. Mimi ni mmoja wao. Nilianza utingo mwaka 1988. Kushuka mlima Kitonga wakati huo utingo ananing'inia nyuma na gogo mkononi, breki zikigoma unaruka unalitega chini ya tairi. Nimekaa utingo miaka sita kabla sijakabidhiwa usukani, na siku niliyokabidhiwa nilikuwa najua gari inaumwa kwa kusikia tu mlio. Taa ya dashibodi inakwambia kitu kimeshaharibika. Sikio linakwambia kabla. Ninyi mnatoka darasani na cheti, hamjala vumbi, mnataka sisi tupishe.

Kijana wa Igurusi
Shikamoo mzee. Hakuna mahali nimesema mpishe. Nimesema nipimwe kwa kazi yangu, si kwa tarehe niliyoingia. Kama sikio lingetosha, kwa nini kila mwaka tunazika watu mlima ule ule? Gari za sasa zina ritada, kifaa cha kupunguza mwendo bila kukanyaga breki, na breki za umeme, asiyejua kuzitumia anazichosha breki za kawaida mpaka zinawaka moto. Hilo nimelisoma darasani na nimelifanya barabarani.

Mzee wa Kitonga
Unatupa maiti za watu mezani ili ushinde hoja. Vijana wenye vyeti hawajafa Kitonga? Nenda kahesabu.

Chuma cha Mufindi
Mzee yuko sahihi. Shule ni nzuri ila haiwezi kuwa juu ya uzoefu. Ndiyo maana madereva waligoma 2014 serikali ilipotaka kuwarudisha darasani.

Mtu wa Tunduma
Ilikuwa 2015 mkuu, tarehe 10 Aprili. Nakumbuka kwa sababu nilikwama Ubungo na mwanangu mgonjwa. Na si kweli kwamba walikataa shule yenyewe. Walikataa kurudi darasani kila leseni inapoisha, kwa gharama zao. Jambo jingine kubwa walilolilia ni mikataba ya ajira, maana wengi walikuwa hawana karatasi yoyote. Leo huyu kijana ana mkataba kwa sababu watu wale walisimama barabarani. Tusiwageuze kuwa watu waliokimbia darasa.

Mama wa Mlandizi
Naomba niseme kama mke wa dereva. Mume wangu ana miaka 17 kampuni moja. Bila huo utaratibu wa wa mwisho kuingia angetolewa zamani. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mshahara wake umepanda, mgongo unamuuma, na bosi anaweza kuchukua kijana kwa nusu ya hela. Kila mzigo ukipungua angekuwa na sababu ya kumtoa mkubwa, na ukirudi anaajiri mdogo. Mkisema watu wapimwe kwa kazi, nani atapima? Ni huyohuyo bosi. Tarehe ya kuingia haihongwi na haina mjomba ofisini.

Halafu tuseme ukweli, wanaonyonya mafuta njiani wengi ni hawa vijana wapya. Kampuni zinaogopa.

Kijana wa Igurusi
Mama nakuheshimu, lakini hapo kwenye mafuta umenichoma. Mimi sijawahi kuuza hata lita moja. Posho ya safari ikiisha Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, kwa sababu ya foleni, nimelala njaa ndani ya kichwa cha gari nikiwa na tangi limejaa dizeli. Ningeweza kuuza. Unampaka matope mtu usiyemjua.

Deiwaka Mkongwe
Mafuta yananyonywa na wote, wazee ndio waliowafundisha vijana. Mzigo ukikaa mpakani siku tisa na posho ni ya siku nne, kampuni inategemea dereva ale nini?

Mzee wa Kitonga
Sijamfundisha mtu yeyote wizi. Futa hiyo kauli.

Deiwaka Mkongwe
Sijakutaja mzee. Nimesema posho ni ndogo.

Mtu wa Tunduma
Mimi kazi yangu ni uwakala wa forodha hapa mpakani, nayaona. Dar hadi hapa ni kama kilomita 930, mtu anazimaliza kwa siku mbili. Kinachomla ni kusimama. Hapa ni foleni, Kasumbalesa mpaka wa Zambia na Kongo ni foleni nyingine. Tajiri analipa posho kwa hesabu ya kilomita, na kusubiri hakuna kilomita. Hilo ndilo chama kingelibeba kwa nguvu zote, badala ya watu kubishana nani kanyonya.

Wakili wa Mtaani
Kijana wa Igurusi, barua ni ya tarehe ngapi?

Msafiri wa Ohio
Habari za nyumbani. Nipo Columbus, naendesha semi, lori la tela, usiku kati ya ghala na ghala, kazi yenye chama cha Teamsters. Huku pia ni wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka, na hakuna anayeona ajabu. Nilianza Novemba. Januari mzigo hushuka baada ya Krismasi, nikatolewa wiki ya tisa pamoja na wenzangu wa chini kwenye orodha. Niliumia, nilikuwa nimeshachukua nyumba ya kupanga kwa kutegemea ule mshahara.

Kilichonisaidia si huruma ya mtu. Orodha imebandikwa ukutani, kila mtu anajua namba yake, na kuitwa kazini kunafuata orodha ile ile. Hawawezi kumwajiri mtu wa nje wakati mimi nasubiri. Siku ile ile nilijaza maombi ya fidia ya kukosa kazi ya jimbo, maana nilikuwa nimefanya kazi ghalani kabla. Ada ya chama kwetu ni mshahara wa saa mbili na nusu kila mwezi, kwa hiyo nikaomba kadi ya kujitoa kwa muda ili deni lisipande nikiwa nyumbani. Machi wakaniita. Sasa wapo sita chini yangu.

Swali langu kwa mleta mada: kwenu mkataba wa hali bora unasema nini kuhusu kuitwa tena?

Chuma cha Mufindi
Hao Teamsters ndio walikuwa kampuni ya malori ya Yellow iliyokufa 2023, watu 30,000 nje. Orodha iliwasaidia nini? Msituletee Marekani hapa.

Msafiri wa Ohio
Haikuwasaidia. Ilifungwa mwishoni mwa Julai 2023, na kati ya hao kama 22,000 walikuwa wanachama, wengine wenye miaka 30 barabarani. Kampuni ikifa hakuna wa kukuita. Sijaileta Marekani nikuonyeshe kwamba ni pepo. Nimeuliza swali kuhusu karatasi iliyopo Dar es Salaam.

Chuma cha Mufindi
Mlioko nje mnapenda kuuliza maswali. Njoo uendeshe Mikumi usiku tembo wakiwa barabarani ndipo utashauri.

Msafiri wa Ohio
Nimezaliwa Mafinga. Baba yangu alifia barabara hiyo. Tuendelee na mada.

Chuma cha Mufindi
Pole ndugu. Sikujua.

Katibu wa Tawi (kampuni nyingine)
Nimekaa kimya lakini nimeona watu wakiuliza chama kinamtetea nani. Mimi ni katibu wa tawi na bado ni dereva, silipwi kwa ukatibu. Mnajua tunavyokaa kwenye kile chumba? Mwajiri anakuja na orodha ya watu 20, tunatoka na watu tisa. Wale 11 waliopona hawaji kuandika popote. Tisa ndio wanaandika.

Na sheria yenyewe imetufunga mikono. Mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri, sehemu ile ya kuachishwa isivyo halali haimhusu. Mwajiri anajua. Tukimng'ang'ania wa miezi minne, anatuambia twende popote. Ndiyo maana wapya wanatoka kwanza, huko ndiko ukuta ulipo mwembamba.

Kijana wa Igurusi
Katibu, asante kwa kusema wazi, ila soma ulichoandika. Asilimia mbili ya mshahara wangu, ada ya chama, imekatwa miezi yote minne. Haikuwa nembamba ilipokuwa inakatwa. Hakuna aliyeniambia mwezi wa tatu kwamba mpaka mwezi wa tisa chama hakina pa kunishikia. Ningejua, nisingeacha kazi niliyokuwa nayo. Katibu wetu hakunipigia hata simu, barua nilipewa na mlinzi getini.

Katibu wa Tawi (kampuni nyingine)
Getini? Hapo siwezi kumtetea. Mtu anaitwa, anakalishwa, anaelezwa. Sisi mwaka juzi tulipigania kifungu kwamba aliyepunguzwa anapewa nafasi ya kwanza mzigo ukirudi. Kilituchukua vikao vitano. Omba nakala ya mkataba wenu wa hali bora, ni haki yako kuusoma, uangalie kama kipo. Kama hakipo, wambie wenzako waliobaki wakidai mkataba ukifunguliwa.

Deiwaka Mkongwe
Si atapata kiinua mgongo? Mwezi mmoja kwa kila mwaka. Na NSSF wanalipa waliokosa kazi.

Wakili wa Mtaani
Hapana kwa yote mawili. Kiinua mgongo kwa sheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi, na lazima uwe umefikisha mwaka mmoja. Fao la kukosa ajira la NSSF ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, ila uwe umechangia miezi 18. Kijana ana minne au mitano. Ndiyo maana nang'ang'ania notisi, kwa sababu hiyo haitaki miezi sita wala mwaka. Siku 21 zilizokatwa ni mshahara wake. Kwa mara ya tatu: tarehe?

Mama wa Mlandizi
Kijana, kuhusu mafuta nakuomba radhi. Nilisema kwa hasira, kuna mmoja alimsababishia mume wangu kesi. Wewe sikujui. Mjibu wakili.

Kijana wa Igurusi
Nimepokea mama, yameisha.

Wakili samahani, nilikuwa nawajibu walioniuma. Barua ni ya 14 Julai, siku ya mwisho kazini 21 Julai. Nilianza 3 Machi. NSSF sina zaidi ya hapo, kwa sababu kabla nilikuwa deiwaka, dereva wa kibarua, wa Fuso la mchele miaka minne bila karatasi, na kabla ya hapo utingo wa Fuso hilohilo miaka miwili. Ada ya NIT niliilipa kwa hela ya utingo na udereva huo. Mzee wa Kitonga, vumbi nimelila.

Wakili wa Mtaani
Sasa nisikilize. Madai kama haya unapeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Kuanzia 21 Julai zinaishia 19 Septemba. Leo ni tarehe 8. Nenda kesho asubuhi ofisi ya CMA, omba fomu namba moja, andika unadai malipo ya notisi. Usiandike umeachishwa isivyo halali, watakurudisha mlangoni kwa ile miezi sita. Nakala moja mpelekee mwajiri, akusainie kwamba amepokea. Beba barua, mkataba na hati za mshahara. Na dai cheti cha utumishi, hicho ndicho utaombwa yadi nyingine.

Kijana wa Igurusi
Hati za mshahara ninazo tatu, ya mwezi wa saba hawakunipa.

Wakili wa Mtaani
Tatu zinatosha kuanzia. Chapisha na taarifa ya benki.

Katibu wa Tawi (kampuni nyingine)
Na umwombe katibu wenu akusindikize CMA. Mwombe kwa maandishi. Akikataa, iwe kwa maandishi pia.

Chuma cha Mufindi
Mimi bado nasema uzoefu kwanza. Watu wasiache mada.

Mzee wa Kitonga
Kijana, hukusema mapema kwamba ulikuwa utingo. Hilo Fuso lilikuwa linapakia Ubaruku au Chimala?