Pengo la gego la chini: daraja, pandikizi au jino la kuvaa?

Msafiri_Kizota
Wakuu, gego la kwanza la chini limeng'olewa miezi 5 iliyopita. Meno ya jirani yote yapo. Kipi kinafaa kwa mtu wa Dodoma mjini asiyetaka kushinda kliniki?

Gego_Sita
Kabla ya kuuliza bei, uliza hali ya hao jirani. Daraja la meno matatu, yaani jino la bandia lililounganishwa na kofia mbili (maganda magumu ya kufunika jino), linabebwa na meno mawili ya kando, na yote mawili yanasagwa pande zote: milimita 1 hadi 1.5 ubavuni, hadi 2 kwenye sehemu ya kutafunia. Enameli ikishaondoka hairudi. Kama ni mazima kabisa, kuyasaga kwa ajili ya pengo moja ni hasara. Kama yamezibwa sehemu kubwa au yalishatibiwa mzizi, yangehitaji kofia hata hivyo, basi weka daraja umalize.

MamaLishe_Ntyuka
Msisahau jino la kuvaa. Ni la plastiki lenye vikulabu vya waya, bei yake ndiyo ndogo kuliko zote. Ila la gego moja ni dogo mno, mtu anaweza kulimeza usingizini. Livuliwe usiku, lioshwe kwa sabuni na maji ya kawaida. Maji ya moto yanalipinda.

Nzuguni_B
Pandikizi haligusi jirani. Skrubu ya titani inaingizwa kwenye taya, inaachwa kama miezi 3 mfupa uishike, ndipo kofia inafungwa juu yake. Lakini usichelewe: ndani ya mwaka mmoja baada ya kung'oa, upana wa mfupa wa pengo unaweza kupungua karibu nusu. Taya la chini lina mshipa wa fahamu unaopita chini ya magego. Ukijeruhiwa, mdomo na kidevu vinaweza kubaki na ganzi, kwa hiyo kina cha mfupa kipimwe kwa picha kwanza. Sigara na sukari isiyodhibitiwa huharibu kazi nzuri.

FundiSanifu
Nizungumzie daraja, maana ndilo linalosumbua kimya kimya. Jino la bandia la katikati halina shida, tatizo ni jino mhimili (la kando linalobeba daraja) kuoza chini ya kofia. Mara nyingi saruji huachia upande mmoja tu. Upande wa pili umeshika, daraja halidondoki, mtu anaendelea kula huku mate yanaingia ndani. Namna ya kulijua: kausha pembezoni mwa kofia, bonyeza daraja juu na chini kwa kidole. Ukiona vipovu, au ladha mbaya inatoka, nenda lifunguliwe wiki hiyo hiyo.

Usafi wake ni uzi wa meno wenye ncha ngumu, unapitishwa chini ya jino la katikati kila usiku. Siku ya kulijaribisha, uzi usipopita kabisa, daraja limekandamiza ufizi, fundi alirekebishe kabla halijagandishwa.

Singida_Moja
Kanda yetu kuna maji yenye floridi nyingi, hasa huku Singida, na waliokulia hapa wengi meno yana madoa ya kahawia. Rangi ya daraja ichaguliwe mwanzoni, kwenye mwanga wa mchana, meno yakiwa na mate. Yakikauka hupauka, utaletewa jino jeupe kuliko wenzake. Na mbegu za ubuyu: nyonya, usivunje. Kaure ya daraja hubanduka vipande.

Msafiri_Kizota
Picha imetoka. Jino la mbele ya pengo ni zima. La nyuma lina zibo kubwa na limelala kuelekea pengo.

Gego_Sita
Hapo daraja limekuwa gumu. Mihimili yote lazima ielekee upande mmoja ili daraja liingie. Kulinyoosha lililolala kwa kusaga tu kunaweza kufikia kiini (nyama laini yenye neva ndani ya jino), uishie kutibiwa mzizi. Kwangu: kofia kwa la nyuma, pandikizi kwenye pengo, na nafasi ipimwe kwanza kama inatosha.

FundiSanifu
Sikatai, ila kama fedha ya pandikizi haipo na jino limelala kidogo tu, daraja bado linawezekana. Usikubali tu la kuning'inia kwenye jino moja. Kwa gego, mzigo wa kutafuna utalegeza mhimili.

Nzuguni_B
Omba nakala ya plasta ya meno yako. Daktari akiiweka mbele yako, utaona mwenyewe limelala kiasi gani.