Nafundisha dansi, naandika tasnifu: mbona mazoezi ya ukumbini hayaingii kwenye karatasi?

HatuaNane
Habari zenu wadau. Nafundisha dansi, huu mwaka wa 11, na wakati huohuo naandika tasnifu ya uzamili. Ukumbini kazi yangu naijua. Kipande kikilegea, sipigi muziki tangu mwanzo. Nakikata: hesabu nane tu za hatua, moja mpaka nane, bila muziki, polepole, halafu nakiunga na nane iliyotangulia. Siku ya kupitisha onyesho zima simsimamishi mtu hata akianguka. Nakaa mbele na daftari, naandika, makosa tunayasoma mwishoni.

Nikikaa na sura yangu ya pili, yote hayo yanayeyuka. Kila jioni nafungua faili, naanza ukurasa wa kwanza, nabadili "hata hivyo" kuwa "lakini", kesho yake narudisha "hata hivyo". Kurasa sita za mwanzo zinang'aa kama sakafu iliyopigwa deki. Kuanzia ya 20 ni vumbi tupu, maana nikifika huko nimeshachoka. Msimamizi kanirudishia sura nzima na maneno manne pembeni: "Hoja yako iko wapi?"

Hilo ni kosa la wachezaji wachanga: wakikosea wanarudi mwanzo, mpaka dakika ya kwanza wanaicheza usingizini na ya mwisho wanaibahatisha. Wanafunzi wangu nawakataza, mwenyewe nalifanya. Kuna aliyewahi kuhariri kama watu wanavyofanya mazoezi?

KalamuButu
Anza na mwisho. Sitanii. Aya ya mwisho ya sura, kisha ile kabla yake, hivyohivyo kurudi nyuma. Aya ukiisoma hivyo haibebwi na iliyoitangulia, kwa hiyo inasimama yenyewe au inaanguka mbele yako.

Kisha kwa kila aya andika mstari mmoja: inafanya kazi gani hapa? Si inasema nini, inafanya nini. Ukikosa cha kuandika, umeshaijua ya kufuta. Mambo ya koma na marejeleo yaache kabisa wiki hiyo. Nyie si huwa mnaangalia miguu kwanza, mikono baadaye?

HatuaNane
Ndiyo, miguu kwanza! Na huo mstari mmoja umenikumbusha alama za kuandikia dansi, ule mfumo aliouchapisha mtaalamu wa dansi Rudolf Laban mwaka 1928. Zinakuonyesha kiungo gani kinakwenda wapi na kwa muda gani, hazisemi kama ilipendeza. Tena husomwa kutoka chini ya ukurasa kwenda juu, kwa hiyo ushauri wako wa kuanzia mwisho haunishangazi sana :)

MzeeWaRasimu
Mwalimu, nitapinga kidogo, usinichukie.

Mchezaji akirudia hatua mara 30, mwili wake unajifunza. Sentensi ukiisoma mara 30 haijifunzi kitu. Anayejifunza ni wewe, na unachojifunza ni kuizoea. Nimehariri tasnifu za watu kwa miaka mingi, na sentensi mbovu kuliko zote huwa ziko zile kurasa za mwanzo ambazo mwenyewe anaapa amezipitia mpaka basi. Kazipitia kweli, lakini jicho halioni tena lililo kwenye karatasi, linasoma lililo kichwani.

Kwa hiyo kurudiarudia waachie wachezaji wako. Wewe chukua kiti. Ukumbini huchezi, umekaa mbele unatazama miili ya wengine. Kwenye tasnifu wewe ndiye mchezaji, na kile kiti kiko wazi. Tafuta mtu akusomee kwa sauti, wewe kaa na lile daftari lako na mdomo uufunge. Akikwama, weka alama. Akirudi nyuma kuanza sentensi upya, weka mbili. Usimweleze ulichokusudia, hata roho ikikuuma. Na asiwe mtu wa fani yako, maana huyo atayaruka mashimo kwa kuwa anajua njia.

TandazaTu
Mimi nachapisha, nakata kila aya kwa mkasi, natandaza sakafuni, napanga upya. Ila funga madirisha kwanza. Niulize nimejuaje.

HatuaNane
Mzee, hiyo ya kiti imenigonga. Wiki ya mwisho kabla ya onyesho huwa nafunika vioo vya ukumbi, kwa sababu wachezaji wanajitazama badala ya kucheza. Mimi nimekaa na kioo miezi minne. Nitaleta majibu.

HatuaNane (siku tisa baadaye)
Nimerudi. Nilimkalisha mdogo wangu, ambaye hesabu za biashara ndiyo dunia yake, akasoma sura nzima kwa sauti. Saa moja na dakika 40. Nilijing'ata ulimi.

Tasnifu yangu inahusu watoto wanavyojifunza hatua kwa kuiga. Ukurasa wa 23 akasoma hivi: "Aidha, ni vyema ikaeleweka kwamba suala la uigaji limejadiliwa na wataalamu mbalimbali kwa mitazamo tofauti tofauti." Akarudia. Akarudia tena. Akanitazama, nikatazama daftari.

Ile si hatua. Ni mchezaji anayejivuta kwenda kwenye nafasi yake akidhani taa hazijamfikia. Nikaikata kama nane moja, nikajiuliza swali ninalowauliza wao: unatoka wapi, unakwenda wapi? Ilinichukua jioni nzima kupata hii: "Wote hawa wanakubali kwamba mtoto huiga; wanachogombania ni anachokiiga, umbo la hatua au lengo lake."

Kumbe hoja yangu ilikuwa imelala pale ukurasa wa 23 muda wote huo. Nimeipeleka ukurasa wa 2. Kati ya zile kurasa sita zinazong'aa, nne zimekwenda na maji. Nilizipenda, sitasema uongo.

Mzee, ulisema kweli pia kuhusu mwanzo: ukiacha ile ya ukurasa wa 23, alama mbilimbili ni tano, zote kabla ya ukurasa wa 6.

KalamuButu, mstari mmoja kwa kila aya nimeufikisha nusu ya sura. Aya tatu zinafanya kazi ileile, kama wachezaji watatu waliogombania kona moja ya jukwaa. Sijaamua nani abaki. Na ukurasa wa 27 kuna mahali mdogo wangu alikwama, mimi sioni kosa lolote. Jumamosi anakuja tena. Naanza na hapo.